Mkia, Siku ya Tatu

Nina umri wa miaka arobaini na minane,
na mkia.
Mkia wa sponji la godoro la wageni,
mita moja u nusu, magamba mia mbili na kumi
niliyoyakata usiku baada ya usiku jikoni kwetu Mabela,
Suud akipita kutafuta maji,
akitazama, asiseme neno, akirudi kulala.

Siku ya kwanza niliuficha ndani ya abaya hadi mlangoni.
Ya pili nikauachia kwenye maegesho.
Leo nimetoka nao nyumbani, mchana kweupe,
nikampungia Bi Shinuna aliyekuwa akimwagilia mrehani wake,
naye akanipungia,
na bomba likaogesha ukuta.

Siku ya mwisho ina raha yake.
Walioshona kwa pupa wameanza kufumuka.
Gundi imesalimu amri.
Simbamarara kalala chini ya meza ya vitabu,
kichwa chake kando, kinatutazama badala yake.
Askari wa sayari fulani, mtoto wa Rustaqi,
kabeba buti zake mkononi, anatembea kwa soksi:
moja ya kijani, moja ya shule.
Hakuna tena anayebana tumbo kwa ajili ya picha.
Tunakula.
Mkate wa jibini na chipsi zilizopondwa,
chai ya karak inayochoma vidole kupitia karatasi,
na mapanga yetu ya maboksi yamerundikana mlangoni
kama ndala nje ya harusi.

Bei nazo zimevua joho.
Bango la riali nne sasa ni moja,
na muuzaji mwenye masikio ya popo ananiambia chukua, khala,
kulirudisha Suri ni mzigo.
Nikanunua mji wenye minara ya samaki.
Sijui nitautundika wapi.

Ni kwenye foleni ya sahihi nilipokanyagwa.
Nikapiga kelele kwa lugha ya mama yangu,
maana hasira zangu zote hukaa humo:
"We! Utanikatia mkia!"
Na ndoo ya chuma nyuma yangu ikajibu,
"Nisamehe bibie, humu ndani sioni pembeni."

Kiswahili! Ndani ya ndoo!

Akaivua. Aikande, nesi, mtu wa Moshi,
katoka zamu ya usiku, hajalala,
wanja umemshuka hadi mashavuni.
Akacheka: "Unaongea kama bibi wa Pemba."
Kweli. Kiswahili changu nilikipata jikoni,
kinanuka bizari.
Chake kimekwenda shule, kinavaa viatu.
Tukakaa sakafuni, mkia wangu tukaufanya mto,
tukatafuta jina la jambo hili.
Kongamano? Hilo lina hotuba na maji ya chupa.
Maonyesho? Hayo, alisema, yana ng'ombe.
"Ngoma," nikasema.
Akaviangalia vinyago vyote vile, jasho, watoto mabegani.
"Ngoma," akakubali. "Lakini ngoma ivumayo..."
"Haidumu, najua. Ndiyo maana leo nimevaa tangu alfajiri."

Saa kumi na mbili sauti ikatutangazia mara tatu, kwa adabu.
Hakuna aliyesikia.
Wakaanza kuzima taa, safu moja moja,
sisi tukihamia palipobaki mwanga,
kundi likizidi kubanana, mabawa kwa mabawa,
mpaka joka na nesi na simbamarara aliyeamka
tukawa chini ya taa moja, tukipiga makofi, sijui kwa nini.

Mtoto wa kanzu na sharubu za paka akanivuta kiganja.
Mfuko wake ulijaa magamba yangu:
alikuwa akinifuata tangu adhuhuri, akiokota.
"Yako."
"Yako," nikamwambia. Akakimbia kabla sijabadili nia.

Nje, joto likanikumbatia kama shangazi.
Suud alikuwa ameegesha karibu na mlango,
anakula mishkaki, ananihifadhia vijiti viwili.
Hakuuliza kitu.
Kiti cha nyuma alikwisha kukilaza.